Jenereta Isiyokwenda Harusini

Ulikuwa mwaka wa ming'oko. Wa Kilwa na Lindi hamhitaji niongeze neno, lakini nyie wengine hamjui hata mng'oko unafananaje. Ni mzizi wa porini, mwembamba kama kidole, unachimba asubuhi nzima kupata kikapu, unachemsha na chumvi, unamenya na kutafuna huku unaongea na watu. Miaka ya kawaida ni kitu cha kupitishia jioni. Mwaka ule tulikula mchana, tukala usiku, na aliyebakisha alikula asubuhi. Mvua zilikata barabara ya Dar, lori la unga halikupita, na madukani palibaki mali ya soko huria: biskuti za krimu, jibini ya kopo, shampuu yenye harufu ya tufaha. Shampuu! Mtu hana unga ndani, lakini akitaka nywele zinukie tufaha, zipo. Tulitoka kwenye miaka ya foleni ya sukari na sabuni, tukaingia kwenye miaka ya kila kitu kuwepo isipokuwa kile unachokitaka siku hiyo.

Basi mwaka huo ndio mnaouliza habari zake. Salma, mjukuu wangu, yuko chuo kikuu Dar, anahudumia mashine kubwa ambazo watafiti wanazituma kazi kutoka kila mahali. Nikimtaja kwa watu nasimama kwanza, simtaji nimekaa. Yeye na wenzake ndio wameniomba niandike, maana wamesikia kwamba hiyo kazi yao mimi niliifanya Kilwa Masoko kabla wao hawajazaliwa. Nimesoma mpaka darasa la nne. Mkikuta neno limekaa upande, liwekeni sawa wenyewe, nyie mna mikono.

Nilianza kama mpishi. Chuo kikuu kilikuwa na kituo kidogo cha utafiti pale Masoko, wanakuja watu wa samaki, watu wa magofu, watu wa korosho, wanalala, wanakula kwangu. Kompyuta zilipoletwa, Mkuu wa kituo alizunguka na ufunguo siku nzima akitafuta wa kumpa. Akaingia jikoni, akatazama masufuria yangu, akatazama sakafu, akasema, "Bi Somoe, hebu shika huu." Ndiyo ajira yangu hiyo. Hakuna aliyenifanyia usaili, masufuria yalinisemea.

Aliyenifundisha ni Fundi Karimu, Mhindi wetu wa Lindi, ukoo wao una duka la vyombo vya umeme tangu zamani. Alikuja kufunga mashine akakaa wiki kadhaa. Mtu mwenye ulimi mkali, lakini mkono mwepesi kama wa mshona nguo. Aliniambia, "Dada Somoe, sahau kioo. Kioo kinadanganya. Sikiliza." Akanikalisha kwenye kigoda, ubavu kwa ubavu na mashine, nimefumba macho. Mashine za wakati ule zikifanya kazi ziliparura ndani kama kuku kwenye majani makavu. Zikiparura, ziko salama. Zikinyamaza na kazi haijaisha, kuna jambo. Zikigonga, tok, tok, tok, mwite mwenye kazi aage. Wenzangu walipita wakiniona nimefumba macho, wakatangaza mjini kwamba Somoe amepandisha mashetani ya kompyuta.

Akanifundisha na chumvi. Nyie mnakaa ndani ya viyoyozi, hamjui upepo wa bahari unavyokula chuma. Kila asubuhi unafuta kwa kitambaa kikavu, sio cha maji, kikavu, na kwenye sanduku la diski unaweka mfuko wa mchele mkavu unyonye unyevu. Mchele huo, mwaka wa ming'oko ulipofika, ulitoka sandukuni ukapikwa. Sisemi na nani. Mkuu alikula akaramba na sahani, halafu akauliza diski zitakaa na nini. Tukaweka mkaa.

Sheria yangu mimi mwenyewe ilikuwa moja: viatu nje. Mchanga wa Masoko ni adui. Sasa siku moja walikuja wazee kutoka Pande, ndio waliokuwa wakipima mvua na umande kwa ajili ya watu wa korosho, wameleta vipimo vyao. Wakakuta viatu vimepangwa mlangoni, ndani watu wameinamisha vichwa kimya. Wazee wakaelewa. Wakaenda bombani wakanawa miguu vizuri, wakaingia inachuruzika maji, juu ya nyaya zangu zote! Mimi nimeruka kutoka kwenye kigoda nimewazuia kwa mikono miwili. Mmoja akaninong'oneza, "Binti, samahani, wanaume upande gani?" Sikucheka mbele yake. Nilikimbilia jikoni nikacheka na masufuria. Lakini toka siku hiyo niliweka taulo mlangoni, maana kosa halikuwa lao. Mahali nilikuwa nimepapanga mimi, wao walipasoma walivyozoea.

Hilo lishikeni, nyie wa Salma. Mtu akija mbio, mashine imemgomea, jasho linamtoka, msimwulize, "Umefanya nini?" Ukimwuliza hivyo anajificha kama mtoto aliyevunja bakuli. Mwulize, "Imekufanyia nini?" Hapo atakumwagia yote, na katikati ya malalamiko ndipo penye dawa. Na kabla ya hilo, chai. Nilikuwa na birika langu palepale nje ya mlango. Mtafiti aliyekunywa chai anakumbuka vitu ambavyo mtafiti mwenye kiu alikuwa amevisahau.

Kazi kubwa hazikuwa zinafanyika kwetu. Mashine zetu zilikuwa ndogo, za kuandikia na kuandalia. Hesabu zenyewe nzito zilikwenda Dar, kwenye mashine kubwa ya chuo. Nyie mnatuma kwa kidole, mnasema ziko mawinguni. Sisi tulikuwa na simu iliyopiga kelele kama nyani aliyekanyagwa mkia, ikikubali inapitisha vitu vidogo vidogo tu. Kitu kikubwa kilipanda basi. Nafunga diski kwenye kipande cha kanga, naweka ndani ya sufuria lenye kifuniko, nampa utingo, Dar anapokea mtu wa chuo.

Mzigo wa kwanza wa Prisca ulikwenda hivyo. Prisca alikuwa binti wa Kimakonde kutoka Newala, Mkristo, mrefu, anatembea kama anachelewa hata akienda kulala. Alikuwa anasomea shahada ile ya mwisho kabisa. Alikusanya mvua, umande na upepo wa vijiji, kuanzia Kinjumbi, Miteja, mpaka Pande, akataka mashine ipige hesabu imwambie ugonjwa wa ubwiri unga utashuka mikoroshoni wapi na lini, ili mkulima apulize salfa kabla maua hayajaungua. Mimi mwenyewe nina mikorosho ya baba, najua ubwiri unga. Unalala na maua, unaamka na majivu. Nikampenda palepale.

Utingo alimpenda pia. Aliposikia ni mzigo wa chuo kikuu, hakutaka uchanganyike na kuku na dagaa. Akauweka mahali pa heshima, pale mbele, juu ya spika kubwa ya muziki, akaufunga na mpira usiyumbe. Basi lilipiga taarabu mpaka Dar. Spika ina sumaku, wajukuu zangu. Diski zilifika safi, hazina hata chembe. Utingo aliporudi nikamweleza, akashika kichwa: "Mama, mimi nimewapa siti ya dereva, kumbe nimewachinja!" Kutoka hapo mizigo yangu yote niliandika MAYAI. Mayai kila mtu anayapakata.

Mara ya pili Prisca alijaribu kuzipiga hesabu palepale kwetu, kidogo kidogo, kwa umeme wa mji. Umeme wa mji ulikatika hesabu ikiwa imekaribia mwisho. Siku hizo programu yake haikuwa inajiwekea akiba njiani. Diski zilikuwa ndogo, hakukuwa na pa kuwekea. Ikizimika, inaanza upya kama haikuwahi kuanza. Kwa hiyo somo la bure kutoka kwa bibi: kazi ndefu iwekeeni vituo. Kila baada ya muda ijiandike pembeni, hapa nimefika. Leo nafasi mnayo, hamna udhuru.

Sasa ndio tumefika kwenye mwaka wa ming'oko. Chuo kilikuwa kimeshamwongezea Prisca muda, kikamwongezea tena, kikamwambia hii ndiyo ya mwisho. Asipofika na majibu yake siku waliyopanga, nafasi inakwisha, anarudi Newala kubangua korosho kama alivyotoka. Barabara imekatika, nguzo za simu zimelala, umeme wa mji umezimika kwa sababu dizeli ya mji nayo inapita barabara hiyohiyo. Kilichobaki ni ndege ndogo iliyokuwa ikitua uwanjani Masoko kwa ajili ya watu wa serikali, wamekubali kumpa kiti. Na jenereta ya kituo, ile ya magurudumu, na dizeli ya kituo, kiasi.

Akaiwasha hesabu. Tulihesabu kwa jua: itaisha asubuhi ya siku ya ndege, ikienda bila kusimama. Halafu malaria ikamwangusha. Wanaume wawili walimbeba kumpeleka hospitali, naye anatetemeka, amenishika kanga.

"Mama Hadija," ananiambia, "usiniangalie mimi. Iangalie ile."

"Nenda ukatibiwe, mwanangu. Mimi nipo."

Nikahamishia kigoda na birika langu mle ndani. Fundi Karimu alikuwa ametuachia betri la kushikilia umeme, linashika muda wa kuchemsha chai tu, basi nikawa natumia muda huohuo kuzima jenereta, kutia dizeli, kupima oili na kuiwasha tena, mbio mbio, narudi. Watu waliniletea ming'oko mlangoni. Nilikuwa na furaha yangu, siwafichi. Kuna raha ya kukaa na kazi ya mtu inayokwenda vizuri, kama kukaa na mtoto wa mwenzio amelala.

Tatizo, siku ya mwisho ya hesabu, ile ya kuamkia asubuhi ya ndege, ndiyo ilikuwa siku ya harusi ya Hadija. Hadija ni mama yake Salma, binti yangu wa mwisho. Siku ilipangwa kabla ya mvua, na wakwe walishafika kutoka Lindi, wengine kwa miguu, matope mpaka magotini. Mji mzima giza. Muziki umekodiwa na hauna pa kuchomekwa. Na jenereta nzima inayofanya kazi Masoko ni moja, ninayo mimi.

Najua Salma hawezi kusoma kwa kutulia mpaka ajue ikawaje, kwa hiyo naisema hapa. Prisca alipanda ndege bado macho ya njano, diski amezifunga kwa leso kifuani, ndani kabisa, mahali ambapo hata spika ya basi isingezifikia. Alifaulu. Alirudi Kilwa na vitabu, akapita vijiji vilevile kuwaambia watu lini wapulize. Harusi ilichezwa kwa ngoma na karabai tulizoazimwa dukani, na mpaka leo wapo wanaoisifu, kwa sababu spika haikuwapo watu wakalazimika kuimba. Hadija yuko na mumewe huyohuyo. Kaka yangu alininunia mpaka Ramadhani, akaja kufuturu bila kualikwa, akala, akasema uji una pilipili manga nyingi, tukajua yamekwisha. Haya, ameridhika Salma? Turudi mlangoni.

Ilikuwa baada ya alasiri. Nasikia mkokoteni. Natoka, namwona kaka Seifu, kaka yangu mkubwa, aliyenilea baada ya baba, amevaa kanzu ya harusi, na vijana wawili wa muziki nyuma yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Fungua banda la jenereta."

"La nini?"

"Somoe, usinichezee siku ya leo. Mwanao anaolewa. Wakwe wamekaa gizani kama popo. Mkuu wako nimemwona, kasema tuchukue. Zima hayo madude, tupakie."

"Sizimi. Humo ndani mna kazi ya mtu."

"Ya nani?"

"Ya Prisca."

"Yule Mmakonde aliyelazwa?" Akageukia vijana kana kwamba ndio waamuzi. "Jamani nisikilizeni. Mtoto wa kumzaa yuko ndani amepakwa hina, yeye anamlinda mtoto wa Newala. Prisca ni nani kwako?"

"Si mtu kwangu, kaka. Ni mtu wa mashine hii."

"Si mna betri?"

"Betri linashika muda wa kuchemsha chai tu."

"Basi tuilete harusi hapa! Tuchomeke hapahapa!"

"Spika hizo zikivuma, taa za mashine zinafifia. Nilishaona."

Kijana mmoja akasema kwa sauti ya Dar es Salaam, "Bi mkubwa, tutacheza mdogo mdogo." Nikamtazama. Akaanza kuchunguza gurudumu la mkokoteni.

Akaitwa Mkuu. Mkuu wetu alikuwa mtu mwema mno. Shida yake ni moja, hakuwa na mdomo wa kumkatalia mtu. Ukimwomba shati alilovaa, atauliza na vifungo je. Akafika anakohoa.

"Bi Somoe. Wazee hawa wana haki yao. Mimi nimeruhusu." Akasema hayo akitazama paa. "Mimi kama mimi, nimeruhusu. Sasa ufunguo unao wewe."

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi. Nilijua akimaanisha amri anatazama usoni.

"Sizimi," nikamwambia. "Humo ndani mna kazi ya mtu."

Akamgeukia kaka Seifu, akatandaza viganja. "Mmesikia wenyewe, wazee." Na mabega yakamshuka kama mtu aliyetua gunia.

Kaka hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinisogelea akasema taratibu, "Basi leo usije. Mimi ndiye nitakayemtoa mwanao, mimi ndiye nitakayewapokea wakwe. Wewe kaa na chuma chako." Akaondoka, mkokoteni mtupu unapiga kelele nyuma yake. Nilikaa kwenye kigoda. Nikashika birika nikalirudisha. Mtu asiwaambie kwamba kukataa ni kazi nyepesi. Unamkatalia mtu, halafu unabaki na yale maneno yake, huna pa kuyaweka.

Nikafikiri imekwisha. Kumbe habari imefika ndani.

Kwetu bibi harusi haonekani. Anakaa chumbani, amefunikwa, mpaka saa yake. Kwa hiyo niliposikia wanawake wanapiga mayowe njiani, nilidhani mtu amekufa. Nachungulia, naona kitu kimefunikwa kanga kuanzia utosini, kinakuja mbio kwenye jua, na somo yake, mama aliyemfunda, anakimbia nyuma, "Hadija! Hadija, utatuaibisha! Rudi ndani!" Alikuja mpaka mlangoni. Akavua viatu. Hata siku ile, hata katika hali ile, mwanangu alivua viatu, kisha akasimama kizingitini, mikono ameinua juu isiguse kitu, hina bado mbichi.

"Mama."

"Umetokaje nje, Hadija?"

"Mjomba kasema huji."

"Nitakuja asubuhi."

"Asubuhi sitakuwa wako, nitakuwa wa watu." Kanga ikamteleza usoni. Wanja wote umemshuka mashavuni. "Mama, siombi kwa ajili yao. Muziki wapeleke huko. Naomba mimi. Zima, funga mlango, uje uniketishe wewe. Kesho mtawasha."

"Kesho ikiwashwa inaanza upya. Na ndege haisubiri."

"Na mimi je? Mimi nitaolewa tena kesho?"

Somo yake alikuwa ametuacha, amesimama mbali, ameziba mdomo. Hadija alitaka kujifuta akakumbuka hina, akabaki ameinua mikono hivyo hivyo, machozi yanafika kidevuni.

"Mama, mara moja tu. Niambie ndiyo."

Nikainuka. Nikamfuta uso kwa ncha ya kanga yangu, jicho moja, jicho la pili, nikamrudishia kanga yake kichwani nikaiweka sawa, asionekane na watu njiani anaporudi. Alidhani ninakuja naye. Nilimwona anavyonipisha mlangoni. Nikamshika mabega, nikamwambia mwanangu yaleyale niliyomwambia mjomba wake na Mkuu wangu:

"Sizimi. Humo ndani mna kazi ya mtu."